Jani Gumu la Gredi ya Nne

Juzi nilirudi shule yangu ya msingi kuchukua faili. Shule niliyoko sasa inataka karatasi zote tangu gredi ya nne. Nadhani wanataka kujua nilianza kuharibika lini. Sekretari akanisukumia faili dirishani, akaniambia nihakikishe ni yangu na niweke sahihi haraka, foleni ni ndefu. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Kusoma: chini ya matarajio. Nikacheka mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akashika mkoba wake vizuri.

Lakini wacha nikwambie, si hayo maneno yaliyokuwa yananiuma. Kulikuwa na jina lingine.

Wazazi wa kwetu ni wakulima wa chai, na lugha ya ripoti, mara kukaribia matarajio, mara kuzidi, ilikuwa inawapita juu ya kichwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili akaamua kuwaelezea kwa lugha ya shamba. Akabandika karatasi kubwa ya manila kando ya ubao. Juu kabisa aliandika Majani Mawili na Chipukizi, ile chai changa kiwanda hupenda. Hao ndio wa kusoma kama maji. Katikati, Jani la Tatu. Chini, pale vumbi la sakafu linafika, Jani Gumu. Kila mtoto wa kwetu anajua jani gumu. Ndilo karani wa chai hulitoa kwenye gunia lako mbele ya majirani na kulitupa kwenye nyasi. Jina langu lilikaa huko chini muhula mzima, limetulia kama mwenye nyumba.

Kila Ijumaa baada ya uji tulipimwa. Unasimama mbele, mwalimu anaweka simu yake mezani ihesabu dakika moja, unasoma. Neno ukikosea linatolewa, vile karani hutoa kilo ya maji siku ya mvua. Nje lori la chai linapanda mlima likilia, harufu ya kiwanda inaingia dirishani, na mimi naangalia herufi zikitawanyika kama kuku waliosikia pikipiki. Simu ikilia, nina maneno tisa. Ng'ombe akisaidiwa kidogo angefika kumi.

Basi mwalimu akatangaza kwamba Jani Gumu ambaye hatakuwa amepanda muhula ukiisha, atakuwa anaenda kusoma na gredi ya pili. Na gredi ya pili ndiko dadangu mdogo alikuwa. Unaona hiyo hatari? Mtoto niliyekuwa namtuma maji ya kunywa kwa sababu mimi ni mkubwa. Nikae kwenye kile kiti kifupi, magoti yakigusa masikio, yeye akinionyesha neno kwa kidole? Niliapa siendi. Kusoma sikuweza, lakini masikio nilikuwa nayo.

Ijumaa ya mwisho jina langu lilikuwa karibu na mkia wa orodha. Wote walionitangulia walisoma hadithi moja ya ng'ombe aliyepotea msituni, na zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeimeza yote. Nikasimama, nikashika kitabu kwa mikono miwili, nikasoma. Nilipumzika kwenye vituo. Nilifanya mpaka sauti ya ng'ombe. Darasa likanyamaza kwa heshima, kumbe mwalimu alikuwa amegeuza ukurasa kabla ya kunipa kitabu. Mimi niko msituni na ng'ombe, kitabu kiko kwa mswaki na meno. Deskimeti wangu alicheka mpaka akaanguka chini ya deski.

Nikatumwa kuleta mzazi. Tulikuwa tunaishi na nyanya, ambaye sisi humwita kogo. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Mwalimu akamweleza yote kwa heshima, mpaka ng'ombe, akamwonyesha manila. Kogo hakujua kusoma. Akauliza jina langu liko wapi, na hao wa chini wanaitwaje. Akaambiwa. Mimi nilikuwa nahesabu matundu ya viatu vyangu.

"Mwalimu, mtoto wangu," akasema polepole, "hii jani ilikuwa changa kama zile zingine. Kama sasa ni ngumu, mimi nauliza, nani alipita huo mti bila kuchuma?"

Anayechuma chai anajua: ukiruka mti zamu yake ikifika, jani linakomaa hapo hapo likikungoja. Na ni kweli. Muhula mzima nilikuwa nimepimwa kila Ijumaa, lakini hakuna Jumatatu hata moja niliyofundishwa kusoma. Jumatatu walisoma wale wa juu, kwa sababu walikuwa haraka.

Usidhani kogo aliniachilia. Kwa sababu ya yule ng'ombe nilinyimwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, siku tatu, nikala ugali na mboga kavu nikimwangalia dadangu akilamba kikombe.

Muhula mpya tulikuta manila imetoka. Kila asubuhi kabla ya paredi, mwalimu alipita kwetu sisi wa chini, mmoja baada ya mwingine, bila simu, akianzia pale alipoachia jana, asiruke mtu. Ule ukurasa wa mswaki nilikuja kuusoma wote. Hakunipigia makofi. Aliita anayefuata. Gredi ya pili sikuenda.

Sasa ukuta umepakwa rangi, mwalimu alihamishwa upande wa Londiani, na kikapu cha kogo kinatagiwa mayai jikoni. Kule kwenye mashamba makubwa mashine inanyoa chai yote, changa na ngumu, haiulizi kitu.

Pale dirishani, sekretari alipoona ule ukurasa wa chini ya matarajio, akanionea huruma. Akasema naweza kuuacha, hakuna atakayejua.

"Huo ndio wa kwanza, madam," nikamwambia. "Unaenda na mimi."

Akasema basi nihakikishe, niweke sahihi, watu wanangoja. Nikahakikisha. Nikausoma wote kwa sauti, neno kwa neno, nikipumzika kwenye vituo, foleni ikikohoa nyuma yangu, na hakuna aliyekuwa ameshika saa.