Kikohozi Kilichotoka Msata

Baba alipolazwa kwa korona, mama hakuhitaji maabara. Alimjua aliyeileta siku ile ile: mke wa kaka yangu, anayeuza chai na vitumbua yanaposimama malori kule Msata, kwao, na kurudi kwetu Bagamoyo kila Alhamisi.

"Dereva wa Kongo, dereva wa Zambia, wote wanamkoholea yeye," alisema mama. "Kisha anatuletea sisi."

Baba alipona. Wifi yangu hakusamehewa. Alifungashiwa nguo zake na za mtoto akarudishwa Msata, na kaka akaanza kushauriwa habari za talaka na watu waliokula pilau ya harusi yake mara mbili.

Kazi yangu mimi ni kusoma vinasaba vya virusi. Kirusi kikijinakili hukosea kidogo, na kosa hilo hurithiwa na wanaofuata, kama pua ya babu yetu. Ukiyalinganisha makosa unaona kipi kimetokana na kipi. Niliwahi kumweleza mama haya yote, akasema huo ni umbea wenye mshahara. Sasa ghafla akaipenda sayansi.

"Si mnatafuta asili nyie? Tupimeni nyumba nzima, aumbuke."

Sampuli tulizochukuliwa baba alipolazwa zilikuwa bado maabara. Tulikubali wote zisomwe, na wifi akakubali kwa simu. "Pimeni tu. Mimi nishahukumiwa."

Virusi vya madereva wa Msata vilikuwa ukoo mwingine kabisa. Vyetu vilikuwa ndugu na vya watu waliotoka Umra, na mama alikuwa ametoka Umra wiki ile ile baba alipougua. Chake ndicho kilichotangulia. Cha baba na cha wifi vilikuwa na kosa moja zaidi. Nikakumbuka siku tuliyompokea mama. Maji ya Zamzam yalikuwa yamebaki kidogo, akayagawa kwa kikombe kimoja, kila mtu funda lake, yeye akianza. Alikohoa, akasema ni uchovu wa safari, nasi tukampa pole.

Nilimweleza polepole. Alitengeneza ushungi wake. Nikadhani anaona haya.

"Kumbe kimetoka Makka," akasema, uso umemtulia. "Ndiyo maana baba yako kapona."

Kesho yake majirani wote walikuwa na habari. Wifi akaitwa arudi, na hakuna aliyetaja kwa nini aliondoka. Aliingia na mtoto mgongoni, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba kwa bashasha, akamwambia ana bahati, kaugua ugonjwa wa heri. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipobaki jikoni wawili, wifi aliendelea kukuna nazi bila kuniangalia.

"Wifi, ile mashine yenu inajua kila ugonjwa ulikopita?"

"Karibu kote."

"Basi niangalizie na samahani yangu, imekwama wapi."