Maana ya temporari

Wadau, leo nimetafsiri kufukuzwa kazi kwangu mwenyewe. Bila kukosea hata neno.

Meneja mpya wa kambi yetu ya watalii, mzungu asiyejua hata "mambo", alitukusanya jikoni asubuhi. Akasema wafanyakazi wote temporari mwisho wao ni leo, wageni wameisha.

Wenzangu wakanitazama niwatafsirie. Nani mwingine anajua Kiingereza? Nimeshusha wageni bonde la Kreta kuona wanyama mpaka simba wananijua kwa jina.

Nikawaeleza taratibu: temporari ni mtu wa muda, kama hema la msimu, wageni wakiondoka linakunjwa. Msivunjike moyo, nitawasemea mimi kwa bosi, mvua zikikatika muitwe wa kwanza.

Mama Neema, mpishi wetu, akafuta mikono. "Na wewe mkalimani, umo?"

"Mimi? Misimu yote hii?" Nikacheka, nikamuuliza meneja ili wasikie wenyewe.

Akajibu maneno mawili tu.

Watu walikuwa wananisubiri, basi nikatafsiri: "Anasema na mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama Neema akanimiminia chai, akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Sasa niko stendi Karatu. Sina hasira, sina njaa, sisikii chochote.

Mke wangu bado anajua niko kazini. Nyie mngemwambiaje?