Nzuri, Ila

Bosi wetu ananitia kinyaa, na sitamung'unya maneno.

Kwenye meza ya pembeni yangu alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Ila. Ndiye aliyeandika maktaba ya programu tunayouza, yaani msimbo ambao mafundi wa kwingine wanauchomeka kwenye programu zao. Kazi yake si ya ajabu. Friji ya dawa ikipata joto, maktaba yetu inaishtua programu ya hospitali. Ile inamtumia ujumbe muuguzi wa zamu, kisha inaturudishia jibu: imefanikiwa au imekwama.

Sasa mafundi wa hospitali walikuwa waungwana kupita kiasi. Jibu waliliandika kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Nani anaanza na "mbaya"? Hata aliyefiwa husema nzuri kwanza. Basi programu yao ikikwama ilijibu: "Nzuri, ila ujumbe haujaenda."

Mama Ila aliligundua hilo mapema. Akaifanya maktaba isome jibu mpaka mwisho, na ikikuta "ila" iwashe taa nyekundu kwenye kioo cha kompyuta ya hospitali. Ndiko alikopatia jina. Bosi akanuna. Wateja hawapendi mataa mekundu, akasema, lisomwe neno la kwanza tu. Mama Ila alipokataa, kazi akapewa mwingine, na kioo chote kikawa kijani. Mfyuu.

Friji ikazima. Ujumbe haukwenda. Dawa za sukari zikaharibika, na muuguzi wa zamu akasimamishwa kazi kwa uzembe, maana kioo kilionyesha amejulishwa. Muuguzi huyo ni wifi yake Mama Ila, mke wa kaka yake, na nyumba nzima inamtegemea yeye.

"Bosi, tuwaambie hospitali kosa ni letu," Mama Ila alimwambia mbele yetu.

"Letu kivipi? Si wenyewe wamejibu nzuri?"

"Wamejibu nzuri, ila. Hiyo ila tumeikata sisi."

"Dada yangu, usinichafulie jina. Wifi yako atapata kazi kwingine."

Aliyasema hayo huku anatafuna, makombo yanamdondokea Mama Ila kwenye kibodi.

Mama Ila akafuta kibodi, akabeba kompyuta yake, akaenda hospitali. Akawaonyesha majibu mazima, jinsi yalivyoingia kabla hatujayakata. Haikupita wiki, wifi yake akarudishwa kazini.

Bosi naye akaitisha kikao. Akatangaza kwamba kampuni, kwa uadilifu wake, imegundua hitilafu na kuirekebisha yenyewe. Halafu, bila hata kukohoa, akasema Mama Ila ametoa siri za ofisi, hivyo si mwenzetu tena. Akatuomba tupige makofi kwa ajili ya uwazi.

Watu wakapiga, macho chini. Mimi mikono yangu niliikalia.