Karani na Riwaya ya Walowezi

Karani wa mizigo pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Uchina, husukuma magunia kwenye mizani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huandika riwaya kwenye simu: walowezi wa Kiingereza wanaingia Australia na kuwaua wenyeji ili wachukue ardhi. Australia yenyewe hajafika. Kila akimaliza sentensi hukohoa kama mwandishi mashuhuri, kisha hujicheka. Jana Muzdalifa, mteja wake wa viatu kutoka Dar, alikuwa akisubiri mzigo ufungwe, naye karani akamsomea sura ya mauaji, sauti ikimtetemeka kwa uchungu.

“Kaka,” akasema Muzdalifa karani alipomaliza kusoma, “mlowezi ana jina, mkewe ana jina, hata mbwa wao anaitwa Bruno. Hawa waliouawa, mbona wote ni ‘wenyeji’ tu?”

Karani akacheka, soni imemjaa. “Na mimi hapa najiona mtetezi wao, dada!”

Akaanza kwa kufuta jina la mbwa, maana hilo lilikuwa rahisi. Kisha akataka kumpa jina mmoja wa waliouawa, kidole kikabaki hewani: miaka miwili anaandika habari zao, na hakuwahi kujiuliza waliitanaje.