Pumua, Daktari

Daktari wa wanyama ana mikono ya kupakulia magunia, na hulisema hilo kabla hujamwahi: "Usiitazame mikono, mama, tazama uzi." Hushona vitoto vya paka vilivyozaliwa na kaakaa lenye ufa, vile ambavyo maziwa yakiingia mdomoni hutokea puani. Akishika sindano husahau kupumua, hivyo msaidizi wake, dada asiye na mzaha, huhesabu pumzi za wawili. "Paka yuko sawa. Daktari, pumua." Naye hupumua kwa kishindo, akijisuta: "Ng'ombe nazalisha, kidomo cha paka kinanitoa jasho!"

Asubuhi moja paka aliyeshonwa mara ya pili, baada ya mishono ya kwanza kuachia, aliwekewa kisahani cha maziwa. Daktari akajitia kunywa chai, jicho kwenye kipua kile. Paka akalamba, akameza, akalamba mpaka kisahani kikang'aa. Puani halikutoka hata tone. Daktari akafungua kinywa aseme neno la kitaalamu, kicheko kikamwahi, chai ikampalia, ikamtokea puani.

"Kumbe mwenye ufa ni mimi," akakohoa. "Leta uzi."

Dada akamwonyesha meza. "Panda. Na usisahau kupumua."