Diski Mbili Ndani ya Mashine Moja

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne siku moja nilitoka kabla ya kengele, sikurudi tena. Yote ninayojua nimejifunza kwa macho. Kamera nilijifunza kule Goma kwa kumtazama mwenye kamera. Kompyuta nilijifunza kwa kusimama nyuma ya mwenye kompyuta mpaka akachoka kunifukuza. Leo hapa Rubavu, kuanzia Nengo mpaka Nyamyumba kwenye maji ya moto, ukiona video ya arusi ambayo bibi arusi anang'aa na ng'ombe wa mahari wanaonekana wanene kuliko walivyo, usiulize nani aliipiga. Na hakuna mtu aliyenipa kitu. Hiyo naisema kila mahali.

Studio yangu iko kwenye kichochoro kinachoteremka ziwani. Mchana jua likipiga maji, mwanga unapanda mpaka kwenye dari yangu na kucheza pale kama nguo nyepesi iliyoanikwa. Watu wakikaa kwenye benchi langu wanasinzia. Hata mimi kuna saa nakaa mbele ya kioo nikakosa kujua kama arusi ninayoitazama ni ya juzi au ya miaka kumi iliyopita.

Ni katika saa kama hiyo mama mmoja aliingia. Nilimjua, anauza sambaza sokoni, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Zamani nilimpigia video ya siku ya kuposwa kwa binti yake, ile tunayoita gusaba. Mume wake, karani wa ofisi, mtu wa kimya sana, alifariki baada ya hapo. Mama akaweka beseni lake tupu chini, bado linanuka ziwa, akaniambia anatafuta sauti ya mume wake. Uso bado anao, picha iko ukutani. Lakini sauti imeanza kumtoka. Asubuhi moja aliamka, akaitafuta kichwani, hakuiona.

Nikamuuliza CD niliyompa imekwenda wapi. Akasema ameitazama mpaka imekwaruzika, na mzee hasemi neno hata moja. Ni kweli. Siku ya gusaba baba wa binti hasemi. Anakaa mbele amevaa vizuri, msemaji wa familia ndiye anayembishania na wageni, watu wanacheka, na yeye baba anatikisa kichwa tu.

"Lakini alisema," mama akaniambia. "Mbele binti atoke ndani ya nyumba, bado hajaonekana. Alisema kitu, watu wakacheka. Sikumbuke ni nini. We ulikuwa pale na mashine yako. Ulipeleka wapi?"

Niliikata. Ndiyo kazi yenyewe: kelele unakata, muziki unaweka. Lakini video nzima, ile isiyokatwa, sikuitupa, maana mimi situpi kitu. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani. Ile kompyuta ilipokufa niliitoa diski yake, nikaifunga ndani ya kipande cha kitenge, nikaiweka juu ya kabati.

Nikamwambia akae. Nikamwambia, mama, beseni lako halitakauka kabla hujamsikia.

Nikafungua kompyuta, nikaweka diski ya zamani kando ya ile ninayotumia, waya huu hapa, waya ule pale, nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi, na pembeni kistari kimoja cheupe kinawaka na kuzima kama jicho la mtu anayepigana na usingizi. Kisha diski ya zamani ikagonga. Tk, tk. Sauti hiyo naijua. Diski ikianza kugonga hivyo, haijabakiwa na siku nyingi za kuwashwa. Na ikifa, yule mzee amenyamaza kabisa.

Nikazima. Nikaitoa, nikawasha bila hiyo: kompyuta ikaamka vizuri kabisa. Nikairudisha: giza, tk, tk. Nikabadilisha waya. Nikapuliza vumbi. Nikafikiri labda umeme hauzitoshi diski mbili, nikatoa kisanduku cha umeme cha mashine nyingine nikakifunga pale. Giza. Nikapigia simu mtu wa kazi hii huko Goma, akasema nifute yote yaliyo kwenye diski ya zamani, kompyuta itaikubali. Nikakata simu.

Mama alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila siku akimaliza kuuza. Hakunisumbua. Anakaa, anasinzia, mwanga unapita usoni mwake. Mimi sikuwasha tena. Niliogopa kule kugonga, tk, tk. Nilikaa tu nimeishika diski mkononi, baridi, nyepesi, nikiwaza kwamba ndani ya hiki kichuma kuna uwanja wa nyumba, na hema, na watu waliovaa vizuri, wote wamekaa gizani wanangoja.

Siku ya nne mvua ilikuwa inatembea juu ya ziwa, na milima ya Congo ilikuwa imefutika. Mama akafungua macho.

"Fundi mukubwa, beseni imekauka mara ine."

Akaniuliza ni nini inayokataa. Nikamweleza polepole, kama mtu anayeota. Diski mpya iko na akili yake ya kuamsha kompyuta. Ile ya zamani nayo iko na akili yake, lakini ya kuamsha mwili mwingine, mwili uliokwisha kufa. Ukiziweka pamoja, hakuna kinachoamka.

Akafikiri kidogo. "Na nani anaanza kusema?"

"Wapi, mama?"

"Humo ndani. Umeingiza mugeni, na labda mugeni ndiye ameanza kusema, mwenye nyumba bado hajasema. Bon, kwenye gusaba nani atamujibu? Watu wote watanyamaza."

Nikasimama. Nikamwona akilini yule mwenye kompyuta aliyekuwa akinifukuza zamani, mgongo wake, kidole chake kikigonga kitufe kimoja mara nyingi kabla mashine haijaamka, mpaka ukurasa wa bluu unatokea na orodha ndani yake. Nilikuwa sijui anatafuta nini pale. Nikafunga diski zote mbili, nikawasha, nikagonga kitufe kile. Orodha ikatokea. Kiingereza sikijui, lakini namba zilizoandikwa juu ya diski zangu nazijua. Ya zamani ilikuwa juu. Nikaishusha. Mwenye nyumba juu, mgeni chini.

Kioo kikajaa rangi. Diski ya zamani ikagonga mara moja, ikatulia. Kabla ya kufungua chochote nikanakili video yote kwenye diski mpya, tukakaa tunatazama mstari wa kijani ukisogea.

Kisha hema jeupe. Viti vinaburutwa. Binti bado yuko ndani. Na sauti ya mwanaume, ya chini, kama mtu anayeongea na kikombe chake cha chai:

"Mumupe kiti uyu mutu wa kamera. Amesimama tangu asubui."

Watu wakacheka. Msemaji akamkumbusha mzee kwamba leo hana ruhusa ya kusema. Halafu picha yote ikatikisika, ikashuka, hema likapanda juu, na kuanzia hapo siku nzima inaonekana kwa urefu wa mtu aliyekaa.

Nilikuwa nimesahau. Kabisa nilikuwa nimesahau. Pale ndipo nilipokata kwanza, kwa sababu picha ilitikisika.

Mama hakulia. Alicheka, mkono mdomoni. "Ni yeye," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Mvua ikaisha, mwanga ukarudi kwenye dari, naye bado anasema nirudishe. Mwishowe akageuka, akanikuta bado nimesimama nyuma yake. Akasukuma beseni kwa mguu, akapiga benchi kwa kiganja.

"Si amesema wakupe kiti? Ikala basi."

Nikakaa.