Ua la Vitundu Hamsini na Tisa

Nakumbuka asubuhi moja mtaani Wiyoni, ukumbini kwa shangazi yangu Bi Zuhura, nilipokuwa na shahada mpya ya hesabu na kichwa kisichopita mlangoni. Alasiri ile ningefundisha somo la majaribio kijijini Shela, mbele ya walimu wa skuli niliyoomba kazi. Nilikuwa nimechagua namba ya kuwaduwaza: 30,031.

Mwanangu, itazame. Zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, utapata 30,030. Ongeza moja. Ukiigawa sasa kwa yoyote kati ya hizo sita, lazima ibaki moja. Basi nikaamua kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilimweleza shangazi nikizunguka ukumbi na andazi la hamri mkononi, utadhani namba nimeizaa mimi.

Yeye alikuwa akishona kofia. Kabla ya kutia uzi, washonaji wetu huhesabu vitundu vidogo vya mapambo, vya ukanda mzima unaozunguka kofia, wakagawa kwa vitundu vya ua moja. Kikizidi hata kimoja, ua la mwisho halikutani na la kwanza, na kazi ya miezi hufumuliwa. Kwa hiyo shangazi hakuamini hesabu ya mtu, hata ya aliyemchorea maua ya kofia. Akaniuliza kama hivyo vitundu vyangu 30,031 nimevijaribu kwa ua la vitundu kumi na saba. Nikamjibu, kwa upole wa wasomi, kwamba hakuna haja.

Akageuza karatasi ya mchoro, akachukua penseli. Kumi na saba: vikabaki tisa. Kumi na tisa: vikabaki kumi na moja. Mimi nikanywa chai. Akaendelea hivyo kwa namba tasa tu, na alipofika mara ya kumi na moja, penseli ikasimama.

"Hamsini na tisa," akasema. "Maua mia tano na tisa. Yamefunga."

"Haiwezekani, shangazi."

"Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu mara tatu. Yalifunga.

"Sasa wewe, Bwana wa Chuo Kikuu," akasema akirudi kwenye sindano, "mbona uliketi kati ya ndia kabla ya kufika?"

Aibu ilinishika, lakini haikukaa, maana niliona jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Hamsini na tisa ni tasa. Mia tano na tisa ni tasa pia. Namba ile ilikuwa imezikataa sita zangu huku imeficha mbili nisizozialika! Hesabu yangu ilisema tu kwamba ziko tasa nje ya orodha yangu. Hayo mengine niliyatia mwenyewe.

Nilikwenda Shela nusu nikikimbia. Nikaiandika ubaoni, nikawaambia wanafunzi kwamba asubuhi nilikuwa na hakika ni tasa, na shangazi yangu amenitoa hakika hiyo kwa penseli. Watafute alichokiona. Darasa zima likainama likigawa, na mwalimu mkuu naye, kwenye kiganja chake. Kazi nilipata.

Mwanangu, leo simu hukupa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Lipokee, kisha ligawe mwenyewe. Na pale hakika inapokuwa tamu zaidi, jaribu ua moja zaidi, na anayekwambia ujaribu usimwone mjinga.

Mola akujaalie subira ya shangazi yangu, na kila utakapojigamba, asikukoseshe mtu wa karibu mwenye penseli.